Gunia la Mahindi Halimalizi Msiba wa Kaya
(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa umma, Kibiti)



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya kazi ya ustawi wa jamii katika familia zilizofikwa na misukosuko. Wengi wetu tukiisikia kazi hii hufikiria mgao wa blanketi, mahindi na maharage. Kugawa ni kazi njema, na mwenye njaa hapana budi alishwe kwanza ndipo aulizwe habari. Lakini kazi ninayokusudia kuieleza leo ni ile inayoanza lori la misaada likishageuza na vumbi likishatua.

Hoja yangu ni moja. Kaya iliyofikwa na msukosuko hupoteza vitu vinavyohesabika na vitu visivyohesabika. Nyumba, ekari za mpunga, mbuzi, mitumbwi na, kwa masikitiko, roho za watu, hivyo tumejifunza kuvihesabu na kuviandika katika taarifa. Lakini amani baina ya mume na mke, heshima ya mzee ndani ya nyumba yake, usingizi wa mtoto, imani ya jirani kwa jirani, hivyo havimo katika fomu zetu. Kwa kuwa havimo, hatuvitengei mtu, wala siku, wala fedha. Navyo ndivyo vinavyoamua kama kaya itasimama tena au itasambaratika.

Mwaka 1949 mtaalamu wa Marekani, Reuben Hill, alichapisha uchunguzi wake juu ya familia za jimbo la Iowa ambazo waume walichukuliwa vitani, kisha wakarejea. Alitaka kujua kwa nini jambo lile lile liliivunja familia moja na kuiacha nyingine ikiwa imara. Jibu lake lilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni tukio lenyewe na ukubwa wake. Ya pili ni akiba ya kaya, na hapa akiba si fedha peke yake, bali ni ndugu, afya, ujuzi na mazoea ya kupatana. Ya tatu ni maana: kaya yenyewe inalionaje jambo lililoifika? Hizo tatu zikikutana ndipo msukosuko huzaliwa au huzuilika. Naomba tuichukue mizani hiyo, tuitumie kuyapima mambo ya hapa kwetu.

Tuanze na mto. Mto Rufiji hukusanya maji ya karibu sehemu moja kwa tano ya ardhi yote ya Tanzania Bara, ukayaleta baharini kwa mikono mingi katikati ya zaidi ya hekta 50,000 za mikoko. Mkulima wa zamani wa bondeni alipoyaona maji ya masika yakipanda, neno la kwanza kumjia halikuwa maafa. Alijua kwamba maji yanaleta rutuba, na kwamba yakishapungua atapanda mazao ya mlau juu ya udongo wenye unyevu, bila kungoja mvua. Akiba yake aliijua pia. Alikuwa na dungu, kibanda cha juu ya nguzo ambamo familia ililala na kulinda shamba. Alikuwa na mtumbwi. Alikuwa na mashamba mahali zaidi ya pamoja, na ndugu waliokaa juu ambako maji hayafiki. Tukio lilikuwa kubwa, lakini akiba ilikuwapo na maana yake haikuwa ya kukata tamaa. Sisemi kwamba watu hawakufa wala hawakuona njaa. Nasema kwamba kaya ilikuwa na namna yake ya kuyapokea maji.

Mwaka 1968 yalikuja mafuriko makubwa. Baada yake ikafuata Operesheni Rufiji, ambayo iliwahamisha watu wa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya juu, miaka kadhaa kabla ya operesheni ya vijiji haijaenea nchi nzima. Faida zake zilionekana: shule ilikaribia, zahanati ilikaribia, na maji hayakuingia tena chumbani usiku. Hata hivyo mashamba yalibaki kule kule bondeni. Mpunga haukuhama na watu. Nguruwe na nyani hawakuhama, na kiboko hakusoma tangazo. Basi msimu wa kilimo ulipofika, watu wazima walirudi kwenye madungu kulinda mazao, na kaya ikagawanyika. Watoto ama walibaki kijijini chini ya bibi kizee au dada yao mkubwa, ama walichukuliwa kwenda shamba, shule ikawangoja.

Mwalimu aliyefundisha upande wa bondeni anaujua msimu ambao madawati hupungukiwa watu. Katika daftari la mahudhurio tumezoea kuandika neno moja, utoro. Lakini mtoto wa miaka tisa aliyeko kwenye dungu anafukuza ndege hakutoroka. Amepangiwa kazi na kaya ambayo haina mtu mwingine wa kuifanya. Tukimwita mtoro, tutamwita mzazi tumtoze faini au tumkemee, na mwakani mtoto atakuwa shambani tena. Tukisema kwamba hii ni kaya yenye nyumba mbili na mikono michache, tutauliza mambo mengine: ni nani anayebaki na watoto kijijini? Wanakula nini? Yuko shangazi au jirani awezaye kuwaangalia kwa wiki sita? Hapo ndipo ustawi wa jamii unapoanza, na unaanzia katika kulitaja jambo kwa jina lake.

Sasa natazama mafuriko ya mwaka 2024. Mnamo Aprili mwaka ule mvua za El Niño zililifunika bonde la Rufiji, na watu wa Rufiji na Kibiti wakapoteza makazi na mashamba. Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge tarehe 25 Aprili 2024 kwamba nchini kote watu 155 walikuwa wamefariki dunia, 236 wamejeruhiwa, na zaidi ya kaya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000 zimeathirika. Siku chache baadaye, tarehe 4 Mei, Kimbunga Hidaya kikatua Mafia, mbele ya milango ya delta yetu. Hizo ndizo hesabu za vinavyohesabika, na ni wajibu kuzitoa.

Lakini ipo ile sehemu ya tatu, yaani maana. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya kuzalisha megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Maji yalipokuja mwaka 2024, wako waliosema kwamba yamefunguliwa kutoka bwawani, na wahusika wa Serikali walieleza kwamba mvua ilizidi kipimo na kwamba bwawa lilipunguza makali yake. Sikuja hapa kuamua shauri hilo, kwa kuwa lina wataalamu wake. Ninalowataka mlione ni hili: mtu anayeamini kwamba shamba lake lilichukuliwa na mvua ya Mungu, na mtu anayeamini kwamba lilichukuliwa na mkono wa binadamu, hawana huzuni ya aina moja. Wa kwanza analia, naye akishalia huweza kunyanyua jembe. Wa pili ana kilio na ana hasira, na hasira isiyosikilizwa mahali popote hurudi nyumbani ikampiga mke. Mtumishi anayekwenda kwa mtu huyo na fomu ya mahindi tu, asitake kusikia neno jingine, amekwenda nusu ya safari.

Tuchukue kaya moja ya mfano. Si kaya ya mtu yeyote mmoja. Nimeiunda kutokana na mambo ambayo kila mmoja wenu ameyaona. Nyumba imekwenda na maji. Baba amekwenda Dar es Salaam kutafuta kibarua, na simu yake huita siku moja na kunyamaza wiki mbili. Mama na watoto watano wanaishi kwa wakweze, katika chumba kimoja. Babu, aliyekuwa msemaji wa mambo yote, sasa hukaa barazani kutwa bila kusema. Mtoto wa kiume wa miaka saba, ambaye alikwishaacha kukojoa kitandani, ameanza tena. Binti wa miaka kumi na minne ameletewa posa, na ukoo unaona kwamba posa hiyo ni punguzo la mdomo mmoja na ongezeko la fedha kidogo.

Mtazamaji wa haraka ataiona kaya hii ina matatizo matano, naye atampeleka kila mtu kwenye ofisi yake. Mtu wa ustawi wa jamii ataona jambo moja lenye sura tano. Atakwenda, ataketi, na hataanza na kalamu. Atamsikiliza mama peke yake, kwa sababu mbele ya mkwewe hatasema. Atamsikiliza babu, na atagundua kwamba mzee amenyamaza kwa aibu ya kutokuwa na nyumba ya kuwahifadhi wajukuu. Atamweleza mama kwamba kitanda kilicholowa ni lugha ya hofu, na kwamba fimbo itaizidisha hofu hiyo. Kisha atatafuta akiba iliyobaki: mjomba yuko wapi? Nani katika ukoo anasikilizwa na baba aliyeko mjini? Je, kaya imo katika orodha ya TASAF? Na juu ya binti, hatakuwa na maneno mawili. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu imetamka kwamba amwoaye mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka thelathini. Lakini ataieleza sheria hiyo kwa ukoo kabla mahari haijapokewa, maana sheria inayofika baada ya harusi humwadhibu mtu bila kumrudishia binti mwaka wake wa masomo. Zaidi ya yote, atarudi. Atarudi baada ya wiki mbili, na baada ya miezi miwili. Mtu aliyeambiwa siri za nyumba kisha asionekane tena ameiacha nyumba ile na jeraha jipya.

Ndugu zangu, sasa nataka nitaje jambo ambalo hapa Kibiti tumezoea kulitaja kwa sauti ya chini. Kati ya mwaka 2015 na 2017 wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji zilipitia kipindi cha mauaji. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa Chama na askari waliuawa, wengine milangoni mwao. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa huko Mkengeni. Serikali iliunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji, pikipiki zikazuiwa kutembea usiku, na operesheni ya ulinzi ikaendeshwa hadi mauaji yakakoma. Watu walirudi mashambani na magulioni. Usalama ulirejea, nasi sote tunashukuru.

Lakini kaya zilibaki na nini? Naziona za aina tatu. Ya kwanza ni ya mjane na yatima wa kiongozi aliyeuawa. Msiba wake ulikuwa wa hadhara. Watu walizika, walisoma hitima, na mjane alikaa eda yake miezi minne na siku kumi. Uchungu wake ni mkubwa, lakini una jina na una kaburi.

Ya pili ni ya yule ambaye mumewe au mwanawe alitoweka katika kipindi hicho, na familia hadi leo haijui kama yu hai au amekufa. Familia kadhaa zilitoa malalamiko ya namna hiyo, na miongoni mwa waliotoweka hapa Kibiti, Novemba 2017, alikuwamo mwandishi wa habari Azory Gwanda. Mtaalamu wa Marekani Pauline Boss ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza msiba wa namna hii, tangu miaka ya 1970, naye ameeleza kwamba uzito wake unatokana na kutokuwa na mwisho. Utamaduni wetu wa pwani unathibitisha hayo. Mke wa aliyetoweka hawezi kukaa eda, kwa kuwa hajawa mjane. Hawezi kuolewa, kwa kuwa bado ni mke. Mirathi haigawanywi, shamba halina mwenye kauli, na watoto wakiulizwa shuleni baba yuko wapi hawana jibu la kweli la kutoa. Kumwambia mwanamke huyo asahau ni kumtukana, na kumwambia angoje ni kumfunga. Kazi iliyopo ni kukaa naye katika hali ya kutojua, kumsaidia aendeshe maisha pasipo kumlazimisha kumzika mtu ambaye moyo wake haujamzika, na kumwonyesha njia ya mahakama, kwa kuwa sheria huruhusu, baada ya muda uliowekwa, mtu asiyesikika achukuliwe kuwa amefariki. Njia hiyo aifuate atakapokuwa tayari yeye mwenyewe.

Ya tatu ni kaya ya aliyetuhumiwa. Hii ndiyo iliyo mbali zaidi na huruma yetu. Iwapo mtu alitenda uovu, sheria ina mkono wake. Lakini mtoto wake wa darasa la pili hakutenda. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kubaguliwa, nayo haikuweka kifungu cha kumtoa mtoto wa mtuhumiwa. Darasani kwenu, walimu, anaweza kuwa amekaa mtoto wa aliyeuawa kwenye dawati moja na mtoto wa aliyetuhumiwa kuua. Watoto hao wawili wanajuana. Wanasikia wanayoambiwa nyumbani. Mwalimu akimwacha mmoja aitwe jina baya uwanjani, atakuwa amelea kisasi kitakachokomaa pamoja na mtoto. Akiwaweka katika timu moja ya mpira, akamkataza yeyote kulitaja jina lile, naye akawapenda wote sawasawa, atakuwa amefanya kazi ya ulinzi ambayo hakuna askari awezaye kuifanya.

Najua pingamizi mtakazonipa. Ya kwanza ni kwamba tunao wazee, mashehe na makungwi, hivyo mambo ya familia yana wenyewe. Ni kweli, na mtumishi asiyewajua wazee wa mahali hana kazi anayoiweza hapo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yenyewe iliweka mabaraza ya usuluhishi kabla mashauri ya talaka hayajafika mahakamani. Lakini yako mambo ambayo mzee hawezi kuyasuluhisha. Mtoto aliyenajisiwa na mjomba hasuluhishwi kwa kanzu na mbuzi. Hilo ni la polisi, la hospitali na la mahakama. Kujua lipi ni la baraza na lipi ni la dawati la jinsia na watoto pale kituoni ni sehemu ya taaluma hii, na ndiyo moja ya sababu nchi yetu iliunda chuo cha kuifundisha kwa sheria ya mwaka 1973, chuo ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Dar es Salaam.

Pingamizi ya pili ni fedha na usafiri. Hili nalikubali bila ubishi. Kwenda Mbuchi, Msala, Kiongoroni au Maparoni ni kungoja maji yajae, kupata chombo, na kurudi kwa maji mengine. Afisa mmoja hawezi kuzimaliza kaya zote za delta hata akijigawa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo naja kwenu. Mwalimu yuko kila kijiji chenye shule. Mtendaji yuko, mhudumu wa afya yuko. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Siwaombi muwe maafisa ustawi wa jamii. Nawaomba muwe macho na masikio, na muwe na adabu ya kazi hii.

Kwa hiyo nina maombi manne. Kwa walimu: mtoto anaposinzia, anapopigana, anaponyamaza ghafla, ulizeni kilichotokea nyumbani kabla ya kushika fimbo, na muulize faraghani. Kwa watendaji: mnapoandikisha kaya baada ya maafa, acheni mistari miwili chini ya fomu, muandike ni nani anayebaki na watoto na ni nani katika kaya hii asiyesema. Kwa wapangaji wa mipango na bajeti: wekeni siku za ufuatiliaji, yaani safari ya pili na ya tatu, pamoja na mafuta ya boti, kama mnavyoweka gharama za lori la kwanza. Na kwetu sote: tutunze siri. Katika kijiji kidogo, neno moja lililotoka ofisini hufika kisimani kabla ya jioni, na mama aliyefichuliwa leo hatafungua mlango wake kesho, wala jirani yake hataufungua.

Mto huu utafurika tena. Hiyo ndiyo tabia yake tangu kabla yetu. Itakapotokea, tutahesabu nyumba na magunia, na tuhesabu kwa uaminifu. Lakini tuwe tumekwisha kupanga, kabla ya maji kuja, ni nani atakayekwenda kuketi barazani na yule babu asiyesema, na ni siku gani atarudi kwake tena.